Waya wa Pili kwenye Mashua ya Mama Paulina

Siku ile bado ninaiona, mwanangu. Nilikuwa fundi umeme wa matrekta kwenye mashamba ya ngano, kijana wa Dongobesh mwenye begi la spana na majivuno kidogo. Mama Paulina, mjane wa Basotu, aliniita nifunge umeme kwenye mashua yake. Ilikuwa mitumbwi miwili ya chuma, imeunganishwa ubavu kwa ubavu kwa vyuma na bolti, haiyumbi hata watu wakijaa. Aliitumia kuvusha akina mama na watoto kwenda kliniki ng'ambo ya ziwa. Ndiyo iliyomlisha.

Betri niliiweka mtumbwi wa kulia. Taa na pampu ya kutolea maji nikazifunga kwenye ule wa kushoto. Mzee Tarmo, fundi wa zamani aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za Mwanza, akapita. Nikamwamkia.

"Marahaba. Hasi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, umeipitisha wapi?"

"Kwenye chuma chenyewe, mzee. Kama trekta."

"Trekta lako linaogelea?"

Mama Paulina akacheka. Mzee akaendelea, "Vuta nyaya mbili, wa kwenda na wa kurudi. Bolti zikishika kutu, umeme utarudi kwa kupitia majini, na chuma kitaliwa."

"Ndiyo mzee, nimekuelewa."

Sikuwa nimeelewa, wala sikukubali. Lakini kwetu kijana habishani na mzee, nami nilidhani kuitikia kunatosha. Alipoondoka nikawasha taa, ikawaka, nikaenda zangu.

Baada ya miezi kadhaa nikaitwa. Mtumbwi wa kushoto ulikuwa umetoboka katikati ya ziwa, ukiwa na akina mama watano na watoto wao. Bolti zilikuwa zimeshika kutu kama mzee alivyosema, na pampu yangu haikupata umeme wa kuvuta. Walichota maji kwa beseni hadi wakafika. Nilimkuta Mama Paulina kando ya mashua iliyovutwa nchi kavu, akipitisha kidole kwenye tundu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa nitavusha na nini?"

Mzee Tarmo naye alikuwepo. "Uliniitikia vizuri sana," akaniambia. "Ungenibishia, ningekaa nikueleze mpaka uchoke."

Kisha akavua koti. Tukaziba tundu kwa bamba jipya, tukavuta nyaya mbili kila mahali, na fyuzi tukaiweka karibu kabisa na betri. Safari hii niliuliza kila hatua. Mengine aliyajibu mara tatu. Siku ya kuijaribu, Mama Paulina alinionyesha pa kukaa. "Wewe, kushoto," akasema. Nikakaa hadi ng'ambo, na viatu vyangu vilibaki vikavu.

Endelea kuwapa wakubwa shikamoo yao, mwanangu. Ila mkubwa akikufundisha kazi, usimwitikie jambo ambalo hujalielewa. Mwambie, "Mzee, hapo umeniacha," au hata, "Mzee, mimi naona tofauti." Anayekutakia mema hatakuona mkorofi. Na yule atakayepanda juu ya kazi yako hajui ulimwitikia nani; yeye amekuamini tu.

Mungu akupe mikono ya uhakika na kinywa kisichoona haya kuuliza, na kila utakayemfungia taa afike kwake salama.