Nimeingia Nafasi ya Mdogo Wangu Kwenye Timu, Mama Amenifungia Mlango

Admin, jina langu liache pembeni, maana sisi wa mtaa wa Bertrams tunajuana wote. Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na saba, Mkongo, mzaliwa wa Bukavu, nimekulia hapa Johannesburg. Nacheza mpira wa kikapu, na hiyo ndiyo kazi yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu kwetu kuna watu mpaka leo wanasema nahangaika tu.

Tumezaliwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baba alifariki tukiwa wadogo, mama akatulea kwa kusuka nywele mtaa wa Hillbrow. Mwaka 2015 kulikuwa na siku ya timu za ligi ya kulipwa kuchagua wachezaji wapya, na sote wawili tukaenda. Unakaa ukumbini, makocha wanaita majina, ukiitwa unasimama unavalishwa kofia ya timu. Mdogo wangu aliitwa mapema. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikawaka moto. Majina yakaendelea, viti vikawa vitupu, mwisho tukaambiwa asanteni kwa kuja. Mimi bado nimekaa. Nikamfuata kocha mmoja nikamuuliza nimekosa nini. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kucheza chini ya kikapu wewe ni mfupi. Kucheza mbali wewe ni mzito. Sijui nikuweke wapi."

Nyumbani mama alikuwa amepika sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, na samaki, watu wa kanisa wamejaa wanaimba. Alimkumbatia mdogo wangu huku analia kwa furaha. Kisha akanigeukia mimi mbele ya wote: "Wewe sasa tafuta kazi. Mungu ameshaonyesha mpira ni wa nani." Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka.

Basi kazi nikatafuta. Nikawa mlinzi kwenye jengo la maofisi Sandton, nafungua geti, nafunga geti. Lakini kila alfajiri kabla ya zamu nilikuwa kwenye uwanja wa saruji karibu na kwetu, narusha mpira kutoka mbali, kwa sababu nilishaambiwa karibu hapanifai. Niliposikia timu moja ya Maputo inafanya majaribio, niliomba ruhusa kazini. Nikanyimwa. Nikavua sare nikapanda basi.

Maputo walinichukua. Sikuwa nyota, jamani, nisiwadanganye. Nilikuwa wa kuinuliwa benchi pale mpinzani mmoja anapotusumbua, natumwa kumkaba mpaka akasirike. Msimu ulipoisha wakapunguza wageni, nikaachwa. Sikurudi nyumbani, nikaenda Lusaka. Huko ndiko nilikocheza mpaka nikajijua, na mwishowe nikapewa unahodha. Mama akipiga simu ananiuliza, "Utarudi lini ufanye kazi?" Namjibu, "Mama, niko kazini." Anakata.

Mwaka huu wa 2019 timu ya mdogo wangu ndiyo iliyonitafuta. Kocha wao mpya aliniona nikicheza dhidi yao kwenye mechi ya kirafiki. Nikamuuliza, mdogo wangu je? Akaniambia wazi: tangu aumie goti hakimbii kama zamani, mkataba wake unaisha na hawataurefusha. "Wewe uje usije, yeye anaondoka. Nafasi ni moja. Usipoitaka nina mwingine."

Sikutaka ayasikie mtaani. Nilikwenda kwake mwenyewe nikamweleza kila kitu kabla sijasaini. Akawa analikanda goti lake. Halafu akasema, "Yaya, umenisubiri nianguke miaka yote hii." Yaya ndivyo anavyoniita mimi kaka yake. Iliniuma sana. Nikamwambia, "Sikukusubiri. Nilikuwa nacheza." Akainuka akaingia chumbani, mkewe akanitoa mpaka mlangoni.

Mama akaniita, wazee wawili wa kanisa wamekaa pembeni yake. "Ukikataa wewe, labda watamhurumia mwenzako. Ukikubali, umemzika." Nikamwambia, "Mama, hawa watu hawahurumii mtu. Mimi hawakunihurumia, na wewe unalijua hilo." Mzee mmoja akasema nina kiburi. Eish, nikamjibu ndiyo, baba, kama hiki ndicho kiburi, basi ninacho. Mama akasema, "Ukisaini, hapa usikanyage."

Nimesaini. Jumamosi iliyopita nimecheza mechi ya kwanza nikianza, si kutoka benchi, na uwanja uliimba jina langu la ukoo, jina lile lile walilokuwa wanamwimbia mdogo wangu. Jumapili nikaenda kwa mama na nyama na unga. Nilimsikia ndani anaongea. Nikagonga, akanyamaza. Nikaviacha vitu kwa jirani.

Sasa wazee wanasema mlango utafunguka nikienda kupiga magoti, nikiri mbele ya kanisa kwamba nimemdhulumu ndugu yangu. Mama yangu nampenda. Magoti naweza kumpigia hata sasa hivi, barabarani, watu wakiniona. Lakini kusema nimedhulumu, mdomo wangu unakataa, kwa sababu sikumdhulumu mtu.

Ndugu zangu mnaosoma, atakayeniandikia "acha mpira" ajue sitamjibu, hilo sikuuliza. Ninachouliza ni hiki: niombe msamaha kwa kosa ambalo sikulifanya ili nimpate mama, au nibaki na ukweli wangu nje ya mlango wake? Ninyi mngekuwa mimi, mngegonga vipi?