Blanketi Katikati Yetu: Safari ya Tukutuku toka Masisi mpaka Itebero

Nawataja kwanza wenye walikuwa ndani ya hii habari, ili musipotee. Mimi njo Venansia, muke wa Hangi. Papa Munganga ni baba ya Hangi, bukwe yangu, infirmier, yaani muuguzi, pale Masisi. Jina yake muke wa mutoto wake hawezi kulitamka, na hata leo siliandiki. Mama Kahindo ni muke yake. Furaha ni mutoto wangu wa kwanza, miaka tatu, aliyekuwa Itebero kwa mama yangu Yosefina tangu nilipomuachisha ziwa. Na Amuri ni kaka yangu wa tumbo moja, njo yeye alileta habari. Ilikuwa miaka michache mbele ya uhuru, wazungu wakingali wanatawala.

Siku ya Mungu, nyuma ya misa, Amuri alifika kwetu miguu imevimba. Alikuwa ametembea siku tatu. Akasema Furaha iko na homa, na akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Kule hakukuwa munganga. Hangi alikuwa kazini mbali, hakuna wa kumuita. Papa Munganga alimuuliza Amuri mambo mawili matatu juu ya ile pumzi, kisha akaacha ugali yake kwenye sahani akaenda kuomba ruhusa ya tukutuku ya kazi. Ile munayoita leo moto, ao pikipiki, sisi tuliita tukutuku.

Asubuhi, jogoo la kwanza, tukawa tayari, na hapo njo shida ilianza. Kwetu muke wa mutoto hagusi bukwe yake. Hali naye uso kwa uso, hakai kwenye kiti yake. Mama Kahindo akakunja blanketi nene, akaifunga kwa kamba katikati ya kiti, Papa Munganga mbele, mimi nyuma. Mimi nikasukumwa mpaka mwisho, makalio nusu kwenye chuma ya mizigo. Kifuani nilifungiwa kisanduku cha dawa: penisilini na sindano ya kioo, moja tu. Mama Kahindo akaniambia nishike chuma, nisishike kingine.

Saa tatu tulipita Nyabiondo bila kusimama. Wanawake wa soko walitazama ile blanketi wakacheka, mimi nikainamisha kichwa. Nilikuwa nahesabu pumzi za mutoto wangu ndani ya roho yangu.

Mbele ya saa sita njia ikaanza kuteremuka kwenda pori. Mvua ilikuwa imepita pale, udongo mwekundu ukateleza kama sabuni. Papa Munganga alipunguza mwendo, viatu vyake vikigusagusa chini. Mwanamuke mwenye mutungi kichwani angetupita. Kwenye kona akalaza tukutuku upande wa kuume. Mimi nikaona mugongo yake inanikaribia, nikajitupa upande wa kushoto, navuta chuma. Gurudumu la nyuma likatoka chini yetu. Hatukubiringika hata kidogo. Tukutuku ililala polepole, kama ng'ombe inayochoka, na mguu ya kuume ya Papa Munganga ikabaki chini ya bomba ya moshi.

Mimi nilitua kwenye majani, muzima. Neno yake ya kwanza haikuwa mguu.

“Sindano?”

Nikafungua kisanduku. “Nzima, Papa.”

Hapo njo nikaona moshi kwenye suruali yake. Nikaita watu, pori tupu. Na musikilize nilichofanya: nilikimbia kutafuta fimbo, ili ninyanyue ile chuma bila kumugusa. Ya kwanza ilivunjika. Nikaenda kutafuta ya pili. Yeye hakulia. Aliuma mukono ya shati yake, kisha akanitazama.

“Binti, mikono yako iko wapi?”

Nikatupa fimbo. Nikainua tukutuku kwa bega, lakini hakuweza kujivuta. Basi nikaitegemeza kwa goti yangu, nikamushika chini ya makwapa, nikamuvuta. Ngozi ya mguu ilikuwa imeiva. Niliifunga kwa kitambaa cha kichwa changu.

Ule mguu njo aliwashia nao tukutuku. Akanionyesha chuma ya kukanyaga, nikakanyaga mara nyingi, mara ya mwisho ikanguruma. Akasema na jasho usoni, “Wakikuona unawasha hivi, mimi watanifukuza kazi, wakupe wewe.” Kisha akakata kamba. “Blanketi weka nyuma yako. Shika tumbo yangu.”

Nikamuambia siwezi, Mama Kahindo atasema nini.

“Nikilala kuume, na wewe lala kuume. Usibishane na mimi kwenye kona. Tukianguka tena, ile sindano haitapona, na mutoto yako pia.”

Nikamushika. Shavu yangu ikawa kwenye mugongo yake mpaka Walikale, na hatukuanguka tena.

Jioni, Walikale. Wanawake waliokuwa kwenye maji wakaniona nimemukumbatia muzee. Mmoja akauliza kwa sauti kama yule muzee ameoa kitoto. Papa Munganga akamujibu tu kwamba anapeleka mama kwa mutoto wake, akaomba maji ya kumwagia mguu. Yule mwanamuke njo aliyaleta, na njo alitulaza kwake. Jina yake Feza.

Asubuhi, Itebero. Mama yangu alikuwa mulangoni, hakunisalimia, alinionyesha kitanda tu. Furaha hakunijua. Papa Munganga hakuweza kusimama; alikaa chini, akachemsha sindano, akamuchoma mutoto juu ya mapaja yangu. Akarudia kila saa aliyojua yeye. Siku ya tatu Furaha akaomba ndizi.

Nyuma ya siku kumi na mbili tulirudi Masisi, mutoto kifuani, mimi nimemushika bukwe yangu kwa mukono moja. Mama Kahindo alitoka. Akaangalia ule mguu, akauliza nani aliufunga. Nikasema yote, na Walikale pia. Kwa kosa kama lile, desturi inaomba kuku mweupe wa kuosha kosa. Akaingia ndani, akatoka naye, kisu mukononi. Mimi nikapiga magoti.

Mama Kahindo akamutazama Furaha muda murefu. “Huyu mutoto amekonda,” akasema. “Kuku ni ya supu yake.”

Toka ile siku nilimushika bukwe yangu kila alipoumwa, na njo mimi nilimuosha alipokufa.

Wenye munajua ile njia, kama nimekosea saa, ao kona, ao jina la mutu, munisahihishe. Kichwa yangu imezeeka. Ila ile fimbo ya pili niliyokwenda kutafuta, musinisahihishe. Ile naikumbuka muzuri.