Vita vya Congella kwa Mdomo wa Baudouin

Gari likikata kona ya bustani ya kumbukumbu pale Congella, karibu na bandari ya Durban, mtu wa kwanza kulipokea ni Baudouin, Mkongo mlinda magari. Hulipungia mikono yote miwili kama anayeingiza meli gatini, na dereva hajazima injini yeye ameshamjua: huyu Mwingereza, huyu Kaburu. Hapo ndipo huchagua vita vya kumsimulia.

Vita ni vilevile. Mwaka 1842 askari wa Kiingereza walitoka kambini usiku wa mbalamwezi kwenda kuwapiga walowezi wa Kikaburu, wakapigwa wao. Lakini akishuka Kaburu, Baudouin hutikisa kichwa kwa uchungu: "Watu wamepumzika kwao, mzee, askari wanawajia usiku kama wezi!" Akishuka Mwingereza, kichwa hutikiswa kwa uchungu uleule: "Askari wanapita njia yao, madame, kumbe wenzao wamejificha kwenye mikoko na bunduki!" Habari zote mbili alipewa na wageni wenyewe, akiwasindikiza kwenye magari yao. Yeye aliongeza chumvi tu.

"Ipo siku watakuja pamoja, uchanike katikati," alitania Jecha, Mzanzibari wa mtaa wa Chatsworth aliyelinda magari ya upande wa pili.

"Nichanike nini? Miye niko msemaji!"

Hapo hakujisifu bure. Kwa Wakongo wa Durban, mahari haipokelewi mpaka familia mbili zikae zikitazamana, na maneno yapitie kwa msemaji anayeyalainisha. Baudouin aliyalainisha mpaka siku moja familia zote mbili zikamwomba yeye mmoja azisemee. Ila usemaji ni wa Jumamosi. Siku nyingine zote alisimama juani akilinda magari ya watu, na hilo lilimchosha.

Kwa hiyo Mama Doris, Mzulu aliyesimamia bustani ile, alipomwita, Baudouin alimwendea mbio.

"Baba, mwongozaji wetu wa wageni amestaafu. Siku ya kumbukumbu utazungumza wewe. Ukifanya vizuri, kazi ni yako."

Wiki nzima aliihutubia nyumba. "Baba Gaël," mkewe Laetitia alimwambia, "hiyo sufuria imeshasikia. Acha iive."

Siku ikafika, na maneno ya Jecha yakafika nayo. Viti vilipangwa pande mbili. Kushoto alikaa mzee wa Kikaburu, kulia bibi wa Kiingereza kutoka Queensburgh, wote wateja wake wa zamani.

"Huyu anaujua ukweli," mzee alimwambia jirani yake.

"Ukweli mtupu! Alinisimulia mwenyewe," bibi akaitikia kutoka ng'ambo ya njia. Wakatabasamiana kwa furaha, kila mmoja na vita vyake.

Nyuma ya gari moja jeupe, Jecha alinyoosha kidole gumba. "Haya, msemaji!"

Baudouin akatazama viti: watu kushoto, watu kulia, njia katikati. Lo! Mbona mkao huu anaujua? Akafunga kifungo cha koti.

"Wazee wa upande huu," aliinama kushoto, "wanasema: tulikuwa tumepumzika, mkatujia usiku. Tumewasikia. Wazee wa upande huu," akainama kulia, "wanajibu: tulikuja, ndiyo, lakini mlikuwa mmeshajificha mkitungoja. Na nyinyi tumewasikia."

Akaenda hivyo, kushoto na kulia, mpaka kwenye waliokufa. Akaomba kila upande usimame kwa ajili ya wafu wa upande wa pili. Wakasimama. Bibi wa Queensburgh akatafuta leso, na mzee wa Kikaburu akampa yake.

Hapo angenyamaza, kazi ilikuwa mkononi. Lakini mdomo wa msemaji una desturi zake, na baada ya familia kusikilizana desturi ni moja.

"Sasa, wazee," ukasema, "aitwe bibi harusi, tumuulize kama anakubali."

Jecha akazama nyuma ya gari.

"Bibi harusi ni nani, Baba?" aliuliza Mama Doris.

"Ni… nchi, Mama. Ndiyo waliyogombania."

"Wazazi wake wamekaa wapi?"

Watu wakageuka kutazama. Viti vilikuwa vya pande mbili tu. Baudouin alitafuta uongo mtamu, asiupate hata mmoja.

"Mama, miye habari zangu napewa na watu wa magari. Wazazi wa bibi harusi hawajawahi kupaki hapa."

Mama Doris ndiye aliyeanza kucheka. "Eish! Wangepaki nini? Sisi Wazulu tunashuka kwenye taxi za kubanana, pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani!" Kicheko kikazunguka pande zote, ingawa mzee wa Kikaburu alicheka huku akijikuna shingo.

Wageni walipoondoka, Baudouin alisimama mbele ya Mama Doris kama mshitakiwa. "Kazi imeenda, Mama?"

"Haijaenda, haijaja. Jumapili utakuja kwetu Umlazi, kwa shangazi zangu. Ukiweza kuwasemea na wao mbele ya pande hizi mbili, unaanza."

"Nije na nini?"

"Masikio. Mdomo umwachie mkeo."

Jioni alimweleza Laetitia yote, neno kwa neno, na mengine mara mbili. Laetitia alimsikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

"Hiyo mdomo nitaiweka wapi, Baba Gaël? Nyumba yenyewe ni chumba kimoja."