Mahari ya Gari la Kitaliani

Binti yangu wa mwisho aliolewa kwa gari bovu. Nasema bovu kwa sababu ndivyo lilivyokuwa siku ile, na anayekwambia leo kwamba tulijua thamani yake anakudanganya. Hatukujua. Aliyejua ni mwenyewe aliyelinunua, na yeye alikuwa keshakufa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulikuwa tukikaa mtaa wa Hamriya, huku nchi ya Waarabu, nyumba ya chini yenye ua wa saruji, kabla majirani hawajauza na kujengwa magorofa ya maduka. Zama hizo mahari yalipanda mpaka vijana wakawa wanazeeka bila ya kuoa. Kijana ana kazi ya serikali, kanzu zake zimepigwa pasi zimesimama kama karatasi, lakini ukimtajia mahari anaanza kukohoa.

Akaja kuposa kijana wa Ruwi. Watu wa kwetu, waliotoka Unguja kama tulivyotoka sisi, Kiswahili chao kama chetu. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa magari katika kampuni ya kujenga barabara. Huko kulikuwa na injinia wa Kitaliani aliyekuja na gari lake la mbio, jekundu, la milango miwili. Mkataba ulipokwisha, yule Mtaliani akaona kulirudisha kwao kwa meli ni taabu tupu, akamwachia fundi kwa bei ya kutupa. Gari lenyewe limelala chini, ukitaka kuingia ukae kitako kwanza halafu ndio uvute miguu. Fundi akalipenda kuliko wanawe. Alipofariki likabaki mlangoni halitembei, na kwenye mirathi likamwangukia huyu kijana, kwa sababu ndugu zake wote walitaka vitu vyenye faida.

Mama yake alikuja na dada zake na sinia la halwa. Tukanywa kahawa, tukaulizana khabari mpaka khabari zikatuishia. Ndipo akasema, "Dada, sitaki kukuficha. Mwanangu hana fedha za kushindana na watu. Lakini ana gari la marehemu. La Kitaliani."

"Linatembea?"

"Likitengenezwa."

"Hata miye magoti haya nikitengenezwa nitatembea mpaka Nizwa."

Dada zake wakacheka. Yeye hakucheka. "Marehemu alikuwa akisema lile gari ni dhahabu, dada."

"Basi tuliyeyushe tumpe bibi harusi bangili."

Mume wangu alikuwa ukumbini na wanaume, na kila neno letu lilimfika. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akaniita pembeni akasema mahari ni haki ya binti, si yangu wala si yake, na mwenye kuyakubali au kuyakataa ni yeye. Nikaenda chumbani. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya pazia, hana hata haja ya kusimuliwa.

"Nimelikubali," akasema.

"Umelikubali gari au umemkubali mwenye gari?"

"Vyote, mama."

"Huna haya."

"Sina."

Basi ikawa. Msikitini, hivi alivyonisimulia mume wangu, shekhe aliuliza mara mbili kama kweli mahari ni gari, na kama bibi harusi analitaka hivyo hivyo lilivyo. Mume wangu akasema hivyo hivyo lilivyo. Watu wakacheka kwenye ndevu. Kijana akatamka mbele ya mashahidi kwamba ameikubali ndoa kwa mahari hayo, na tangu dakika ile gari likawa la binti yangu. Kwa sheria yetu mahari ya mwanamke ni yake peke yake. Mume hayagusi, baba hayagusi, mama mkwe ndio kabisa.

Kwenye harusi nilisemwa nikashiba. "Bibi harusi ataingia na gari lake, au tukamsaidie kulisukuma?" Nikawaambia wasukumaji nnao tele hapa, tena wamekula biriani yangu.

Wakahamia nyumba ya kupanga, vyumba viwili, gari likabaki Ruwi mlangoni kwa mama mkwe. Halikukaa sana. Watu wa baladiya, wale wasimamizi wa mji, hapa hawapendi gari chafu, sembuse gari lililokufa barabarani. Wakalibandika karatasi kwamba litaondoshwa. Mama mkwe akanipigia simu siku hiyo hiyo.

"Dada, njooni mchukue mali yenu."

"Si liko kwenu?"

"Miye sikuolewa kwa gari hili, kaolewa mwanao. Liondosheni, nataka pa kuanika nguo."

Tukalikokota mpaka Hamriya kwa kamba. Mume wangu akalifunika turubali, na mlango mmoja haukufungika vizuri, kwa hivyo kuku wangu wakawa wanatagia kiti cha dereva. Sikuwafukuza. Yai ni yai.

Mtu wa kwanza kulitaka alikuwa mwenye gereji Wadi Kabir. Alitaka kulikata auze vipande, na alichotaka kulipa kingenunua jokofu jipya, kubwa, la milango miwili. Nikamwambia binti yangu auze. Akakataa. Miaka ile ile wanawake wa mjini walikuwa wakipeleka kwa masonara wa Matrah vikuku vya fedha vya bibi zao, vikipimwa kwa mizani kama samaki, wakirudi na bangili nyembamba za dhahabu. Binti yangu akaniambia, "Mahari yangu hayauzwi kwa ratili, mama." Nikamwambia basi yaoke uyale. Tukaachana hapo.

Mume wangu akafariki. Nikakaa eda, nikamaliza, gari bado uani.

Kisha ikaingia elfu mbili na kitu, na mambo yakaanza kubadilika. Alikuja bwana mmoja kutoka Dubai, aliyesikia khabari za gari kutoka kwa fundi mmoja. Kanzu nyeupe pe, harufu ya udi inaingia kabla yake. Akalifunua turubali. Halafu akalala chini kwenye saruji yangu na kanzu yake ile ile, akaingiza kichwa uvunguni na tochi. Nilidhani ameanguka. Alipoinuka ana vinyesi vya kuku begani na hana khabari. Akamwambia mkwe wangu kwamba injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, nambari zinakubaliana, na chini hakuna kutu. Kule Ulaya, anasema, wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi imekula magari haya yakaisha. Sikuamini mtu akamwaga chumvi barabarani, lakini mkwe wangu alisema ni kweli.

Bwana yule alitaja bei ya gari jipya la Kijapani. Binti yangu akasema atafikiri. Mwaka uliofuata alikuja mwengine, akataja bei ya gari la Kijapani na la Kijarumani kwa pamoja. Wa tatu alituma watu wapige picha tu, na alichotaja kwa simu kilikuwa bei ya kiwanja.

Nikamwita mkwe wangu. "Baba, hebu nifahamishe. Gari halijaongezeka hata msumari. Limeongezeka kuku. Hii bei inatoka wapi?"

Akanieleza kwamba yalitengenezwa machache, mengi yameoza au yamegongwa, na wanaume walioyatamani walipokuwa vijana hawana kitu, sasa wamekuwa wazee wana fedha.

"Na hao wazee wakifa?"

"Watakuja wengine, mama."

"Au hawatakuja. Vijana wa leo watatamani kitu chengine. Mwambie mkeo auze."

Akainamisha kichwa. "Siwezi kumwambia mimi. La kwake."

Jibu hilo nililiweka. Lakini maneno ya faragha ni rahisi, na sikujua kama angeweza kuyasema pale yatakapotakiwa.

Yakatakiwa upesi. Khabari ya bei ilifika Ruwi, na Ijumaa moja baada ya sala mama mkwe akaja Hamriya na mwanawe mkubwa. Binti yangu na mumewe walikuwa kwangu kula, na watoto. Nikapika kahawa. Yule mwanawe mkubwa hakugusa tende, nikajua wamekuja na jambo.

"Tumekuja tuzungumze kifamilia," mama mkwe akaanza. "Dada, wewe mtu mzima unajua. Lile gari lilikuwa jina tu. Kijana alikuwa hana kitu, tukatia neno lile ili nikaha ipite. Nani anaolewa kwa gari bovu? Sasa mwanangu, alhamdulillahi, ana kazi nzuri. Atampa mkewe mahari ya haki, fedha taslimu, kama wanavyopewa wenziwe. Na gari lirudi kwa watoto wa marehemu wagawane. Ndio haki hiyo."

Nikamwangalia. Siku ya posa gari lilikuwa dhahabu. Siku ya baladiya likawa mali yetu. Nikamwambia hayo hayo, nikamuuliza leo limekuwa nini.

"Leo tunazungumza kwa uzuri, dada."

"Miye naona uzuri umepanda bei."

Mwanawe mkubwa akaingia kati kwa adabu. "Bibi, tusivunjiane heshima. Aliyeozesha ni marehemu bwana wako, Mungu amrehemu. Mashahidi wenyewe mmoja kafa, mmoja hatujui yuko wapi. Hakuna anayekumbuka sawasawa nini kilisemwa."

"Na aliyeoa naye kafa?" nikamwambia. "Si yule pale anakunywa kahawa?"

Sote tukamgeukia mkwe wangu. Alikuwa ameshika kikombe kwa vidole viwili, anakitazama. Nilijua kinachompitia. Yule ni mama yake mzazi, na yule ni kaka yake aliyemlea baada ya baba kufa. Na yeye mwenyewe ana watoto wanaolala wamebanana kwenye chumba kimoja, fedha ya gari ingemfaa akiipata hata sehemu. Binti yangu alikuwa hamtazami. Alikuwa anamfunga mtoto kifungo cha kanzu, anakifunga, anakifungua, anakifunga. Gari alikwishalisahau saa hiyo. Alikuwa anangoja kujua ameolewa na nani.

Mkwe wangu akakitikisa kikombe, ile ya kwamba imetosha, akakiweka sahanini.

"Mama," akasema, "mimi nakumbuka nilichotamka. Nilikuwa natetemeka, lakini nakumbuka. Shekhe aliuliza mara mbili. Sasa kama gari lile halikuwa mahari, watoto hawa mimi nimewapata vipi?"

"Astaghfirullahi! Usiseme hivyo mbele ya watoto!"

"Basi usinisemeshe, mama yangu. Mimi sina gari. Muulizeni mwenyewe."

Mama mkwe akamgeukia binti yangu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamsemesha yeye. "Mwanangu?"

Binti yangu akasema, "Nitaliuza nitakapotaka, mama. Na nitakapouza mtasikia kwangu, hamtasikia kwa watu."

Mwanawe mkubwa akala tende moja, akasimama. Mama mkwe akavaa buibui lake pole pole. Mlangoni aliniambia, "Umemfundisha vizuri." Sikujua kama ananisifu au ananitukana, nikamjibu alhamdulillahi, neno linalofaa kote kuwili.

Aliuza mwaka uliofuata. Sikuambiwa bei, nami sikuuliza, lakini lilikuja lori lenye kitanda cha chuma kulichukua, na waliolibeba walivaa glavu kama madaktari. Kuku walihamaki siku nzima. Mpaka leo watu hunambia, mngelingoja, magari yale yamepanda tena, sijui moja limeuzwa wapi kwa bei ya mtaa mzima. Huenda ni kweli. Wenye kungoja hawakuwa na watoto waliobanana.

Fedha ile ilinunua kiwanja huko Mawaleh, ikajenga nyumba. Kwa jina lake, hilo nililisimamia miye, nilikwenda naye mpaka dirishani kwa karani wa viwanja. Nyumba ya ghorofa moja, jiko kubwa, na mumewe aliweka mifereji na milango kwa mshahara wake. Hakuna aliyemlazimisha.

Nyumba inakaribia kwisha, nikaona kule chini wanajenga chumba cha pembeni chenye choo chake, mlango mpana, hakina ngazi. Nikauliza cha nani. Binti yangu akasema cha mama mkwe. Magoti yamemkataa, nyumba ya Ruwi ina ngazi, na wale wanawe wengine kila mmoja ana udhuru.

"Yule aliyetaka kukunyang'anya?"

"Huyo huyo."

"Mumeo ndiye aliyekuomba?"

"Hajaniomba. Nimempangia mwenyewe."

"Usimpe. Chumba kizuri kile, kina upepo. Mpe mgeni."

Akaendelea kumwonesha fundi pa kuweka swichi. Kisha akaniuliza bila ya kugeuka, "Mama, ile ilikuwa mali ya nani?"

"Yako."

"Peke yangu?"

"Peke yako."

"Basi."

Mama mkwe akahamia kabla ya Ramadhani. Nikienda Mawaleh hunikaribisha yeye, amekaa kwenye kiti mlangoni kwake, na huniambia nisiingie na viatu.