Goti Alilosingiziwa Mbeyu

Mwero wa Msambweni alijaliwa miguu ya mpira na moyo wa kuchukia watu, na vyote viwili alivitumia bila kuchoka. Goti lake la kushoto liliteguka mwaka wa Uhuru, likapona, likateguka tena. Kila aliporuka kupiga kichwa, akitua, goti linamwangusha. Mwenye akili angejiuliza anatuaje. Mwero alijiuliza nani anamroga.

Hakutafuta mbali. Mbeyu, mke wa mdogo wake Chome, mtu wa kule Samburu, aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba shamba lake limeota magugu kwa sababu ya mpira. Ikatosha hiyo. Mwero akatangaza ukooni kuwa Mbeyu ndiye aliyemfunga goti. Wazee wakamrudisha mwanamke kwao, wakasema goti likipona pasipo yeye kuligusa, basi hana hatia, na Mwero atamwomba radhi mbele ya ukoo wote. Tangu siku hiyo Chome hakumwamkia tena kaka yake.

Wachezaji wenzake walipochoka kumbeba, walimpeleka kwa Thoya, dresa wa zahanati, aliyejifunza mazoezi ya viungo katika hospitali ya jeshi wakati wa vita.

"Panda kidaraja hiki cha ngazi, Bwana Mwero," Thoya akasema. "Ushuke polepole kwa mguu mmoja."

Kwa mguu wa kulia alishuka sawasawa. Kwa wa kushoto, kiuno kilikwenda upande na goti likaangukia ndani.

"Umeona? Misuli ya nyonga imelala, goti halina wa kulishika. Kila ukitua litategukia hapo hapo. Tutalifundisha upya."

"Unanifundisha kutembea, mimi?"

"Kutembea unajua. Kutua ndiko hujui."

Mwero akamchukia papo hapo. Lakini kukaa pembeni wenzake wakicheza alikuchukia zaidi, basi kila asubuhi alikuja, akashuka kidaraja huku akitukana.

"Goti lifuate vidole vya mguu," Thoya humwambia.

"Nawe ufuate jehanamu."

Thoya alilisukuma goti kwa kidole, likarudi mahali pake. Baada ya kushuka ikaja kuchuchumaa, kisha kuruka na kutua kwa miguu yote, kisha kwa mmoja, mwisho kugeuka na mpira. Miezi ikapita. Goti likajifunza adabu, mwenyewe hakujifunza kitu.

Sikukuu ya kwanza ya Jamhuri walicheza na timu ya Galu. Mwero aliruka, akatua, akageuka, akakimbia mpaka kipenga cha mwisho, na kijiji kizima kikaona. Watu walipokuwa wakimpongeza, alimwona Chome pembeni ya uwanja, Mbeyu yuko ubavuni mwake, na wazee nyuma yao.

Maneno yenyewe yalikuwa machache: nisamehe, nilikukosea. Mwero akayafikiria, akaona heri afe. Akakunja uso, akashika paja, akawaendea akichechemea.

"Limerudi," akawaambia wazee. "Mnaona wenyewe. Amefika tu, limerudi."

Chome akainama. Mbeyu hakuinama. Aliitazama miguu ya yule bwana, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Shikamoo, shemeji," akasema. "Goti mlilonifukuzia lilikuwa la kushoto. Mbona unachechemea la kulia?"

Wanawake ndio walioanza kucheka. Wazee hawakucheka. Walimwamuru Mwero aombe radhi pale pale, naye akakataa, amesimama wima kwa miguu miwili mizima.

Kesho yake Chome alifunga mizigo, akahamia Samburu kwa wakwe zake. Goti la Mwero halikuteguka tena, akacheza miaka mingi. Mama yao alipofariki, Chome alikuja kuzika, akapeana mkono na kila mtu pale kaburini isipokuwa mmoja.