Nimetangaza tamasha letu mbele ya msiba

Leo natamani ardhi ipasuke niingie.

Nilikuwa nyuma ya bodaboda na kipaza sauti, natangaza tamasha la vijana wa kanisa letu hapa Lulindi. "Njooni tucheze!"

Tukakata kona. Watu wamekaa kwenye mikeka, kimya. Msiba.

Huku kwetu hata baiskeli unashuka, unaikokota mpaka umepita. Mimi nimepita napiga kelele.

Mzee Baba Asha, aliyefiwa na mkewe, akainuka, akatupungia mkono tusimame. Nikamwambia shikamoo. Hata pole sikukumbuka.

"Marahaba, mwanangu. Tangazo tumelisikia. Ila vijana wako wote wako makaburini, wanamchimbia mama yenu kaburi."

Na mimi, katibu wao, tangu asubuhi nawasema kwenye grupu kwamba ni wavivu, hawajaja kutangaza.

Jamani, Jumapili nasimamaje mbele yao?