Ua Yangu Imebadilika

Baba alipopata kiharusi kazini, kwenye ghala moja hapa Louisville, alibakiwa na neno moja tu: ndiyo. Ukimuuliza kama anaumwa, ndiyo. Kama amepata nafuu, ndiyo.

Mwezi uliofuata mama alitaka kufua koti lake la kazi, akakuta karatasi mfukoni. Mama hajui kusoma, akaniletea nimsomee. Ilikuwa mistari mitatu, mwandiko wa baba. Sikujua kwamba anatunga mashairi.

*Ua yangu imebadilika,*
*haiko tena ile niliacha asubuhi.*
*Iko nzuri, lakini hainijue tena.*

Mama alikaa kitini taratibu. "Ua, ni mimi?"

Nilirudi kwenye mstari wa kwanza. Shuleni, kule kambini Tanzania, nilifundishwa kwamba ua la kunusa ni "langu" na ua wa nyumba ni "wangu". Baba aliandika "yangu", kama tunavyosema kwetu Uvira, ng'ambo ya ziwa, na neno hilo linachukua yote mawili. Uvira tulikuwa na ua wa matete, tukaukimbia asubuhi moja. Lakini hapa, kila asubuhi, baba alimwacha mama kitandani akaenda ghalani. Na mama amebadilika kweli: anahudumia wazee, anaendesha gari, anacheka na wenzake kwa Kiingereza ambacho baba hakukipata.

"Bon, tumuulize mwenyewe," akasema.

Chumbani alimwinamia. "Baba watoto, ile ua ni mimi?"

"Ndiyo."

"Ao ni kwetu, Uvira?"

"Ndiyo."

Nikamwambia afumbe macho kama ni mama. Alifumba, machozi yakatoka, hakuyafumbua, nisijue kama ni jibu au ni kulia tu. Mkono wake usiopooza ulikuwa unapigapiga shuka.

"Mwache," mama akasema. "Unamuchosha."

Jikoni nilimwambia kwamba nadhani ni nyumba ya Uvira.

"Unadhani, ao unajua?"

"Nadhani, mama."

Akavaa viatu, akaenda kazini.

Baba alifariki kabla theluji haijaisha. Kwenye mazishi, mchungaji aliniomba nisome yale maneno. Niliyasoma kama yalivyo. Kisha wadogo zangu, waliokulia hapa, wakaomba Kiingereza. Kwa Kiingereza lazima uchague moja. Nilimtazama mama pale kwenye benchi la mbele, naye akainamisha kichwa. Nilisimama na karatasi mpaka kwaya ikaanza kuimba, nikakaa.